Alie Maabara Mpaka Mkwajuni Wasikie

Kuna watoto siku hizi wanaingia maabara, wanatolewa damu, wanatoka wakitafuna biskuti. Hawajalia. Mama yao hajatokwa jasho, kitenge chake bado kimefungwa vizuri kiunoni, na hakuna aliyepigwa teke. Benchi zima linawatazama kwa mashaka: hawa wamepimwa kweli, au wana ndugu yao humo ndani? Kwa familia yenye heshima zake hapa Kinondoni, hiyo ni aibu. Damu ikitoka kimyakimya, nani atajua kwamba mnauguza?

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi, shangazi na jirani yeyote anayetaka mambo yaende kama yalivyozoeleka: mtoto alie, alie kwa nguvu, na sauti yake ivuke Barabara ya Kawawa mpaka abiria wa mwendokasi pale Mkwajuni wageuze shingo. Lakini tuelewane mapema. Sindano peke yake haiwezi kuifanya kazi hiyo. Mshipa ukipatikana, shughuli haifiki hata dakika mbili, na damu inayochukuliwa kwa mtoto mdogo aghalabu haijazi kijiko cha chai. Kilio cha maana hutengenezwa na watu wazima, na huanza kutengenezwa mapema sana.

Maandalizi ya nyumbani

Anza mara tu anapoelewa maneno. Amekataa uji? "Ngoja nimwite dokta akuchome sindano." Hataki kulala mchana? Dokta. Amemwaga maji ya kufulia, amechezea rimoti, amekataa kumwamkia mgeni? Dokta, dokta, dokta. Usihangaike kumtisha kwa polisi, maana polisi huenda asikutane naye mpaka atakapoanza kuendesha bodaboda. Dokta atakutana naye masika haya haya, homa ikipanda.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haina gharama na mtaa mzima unashiriki. Muuza genge ataisema, dada wa kazi ataisema, hata mzee wa watu aliyejikalia barazani na kahawa yake atamnyooshea kidole: "Wewe! Nina sindano hapa mfukoni." Akifika miaka minne, mtoto wako atakuwa anaelewa vizuri kabisa kwamba hospitali ni mahali wanapopelekwa watoto waliokosa adabu, na kwamba sindano ndiyo hukumu yao. Siku atakayougua kweli atajiuliza amekosa nini. Hutakuwa na jibu, lakini kilio utakuwa nacho.

Hofu hii haikuanza leo katika mji huu. Enzi za ukoloni watu wazima wa Dar es Salaam walinong'onezana habari za mumiani, waliosemekana kukamata watu usiku na kuwanyonya damu ikatengenezewe dawa, na lawama nyingi ziliwaangukia watu wa zimamoto na gari lao. Wanahistoria wameandika vitabu kuhusu uvumi huo. Kwa hiyo mtoto wa Tandale anayemwona mtu wa maabara na glovu zake, akaamini kwamba anakwenda kukaushwa, amerithi hofu ya watu waliokuwa na ndevu zao. Usimwambie kwamba mtoto wa kilo kumi na tano ana damu inayopita lita moja, na kwamba hicho kidogo kilichochukuliwa mwili utakirudisha wenyewe. Utavunja mila.

Njiani na kwenye benchi

Siku ya safari, danganya. Uongo unaopendwa kuliko wote ni wa chipsi mayai. Wa pili ni wa kwenda kwa bibi Mbagala; huu una faida ya kumvalisha mtoto viatu vya Idi, kwa hiyo atalia akiwa amependeza. Mpandishe bajaji, mwache aimbe. Bajaji ikikata kona, akaliona geti la hospitali, hapo ndipo mtaji wako unapoanza kuzaa.

Mkifika dirishani na karatasi yenu iliyoandikwa malaria, FBP na mkojo, ongeza uongo wa pili: haiumi. "Haiumi hata kidogo, ni mbu tu huyo." Uongo huu ni wa thamani kuliko wa chipsi kwa sababu unalipa mara mbili. Leo mtoto atashtuka, kwa kuwa alijiandaa kwa mbu akapata sindano. Na kesho hatakuamini, hata ukimwambia ukweli.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa waraka kuhusu kupunguza maumivu wakati wa chanjo, na humo likashauri watu waache maneno ya kutisha na pia maneno ya kutuliza kwa uongo. Wanataka mtoto aambiwe kinachofanyika, kwa sauti ya kawaida, basi. Hebu fikiria mama wa Mwananyamala akisema hivi: "Anti atakufunga raba mkononi, atakupaka kitu cha baridi, halafu utasikia kama umefinywa. Ukitaka, na wewe nibane mkono." Mtoto akiambiwa hivyo hana tena la kushtukia. Akifinywa, anaona mama alisema kweli. Kwa sisi tunaotafuta kilio, hiyo ni hasara ya miaka mingi.

Benchi lina kazi yake. Mkalishe mkabala na mlango, ili kila anayetoka akilia amwone, na kila mlango unapofungwa umnong'oneze, "Umesikia?" Maji usimpe. Mtoto aliyekunywa maji vizuri mishipa yake haisumbui sana kuonekana. Mwenye kiu mishipa hunywea, na mtaalamu atalazimika kuitafuta kwa ncha ya sindano. Kwa hiyo mnyime hata kama daktari hakuagiza afunge.

Na kuna habari ya dawa ya kupaka, ile inayotia ngozi ganzi. Huwa inapakwa yapata saa nzima kabla ya sindano. Ukiulizia, mtu wa pembeni atakucheka: saa nzima! Nani mwenye muda wa kusubiri saa nzima? Anayeuliza hivyo amekaa hapo tangu saa moja asubuhi, na sasa inakwenda saa nne.

Chumbani

Chumba chenyewe huwa kidogo. Kiti kimoja, meza yenye trei ya vichupa vya vifuniko vya zambarau na vyekundu, boksi la kutupia sindano, feni inayozunguka ikijisikia. Mtaalamu ameshahudumia watu wengi tangu asubuhi na bado foleni haijapungua. Hata hajainua macho, anasoma namba kwenye karatasi. Anasema neno moja tu, "Mshikeni," na hapo ndipo familia inapoonyesha ilivyolelewa.

Mlazeni chali. Hili ni la lazima. Mtoto aliyelala chali anaona dari na nyuso za watu wazima zikimwinamia, na mwili wake unajua kabla ya akili kwamba ameshindwa. Mmoja ashike miguu, wa pili kichwa, wa tatu mkono. Shangazi asimame mlangoni. Baba ashike simu na kurekodi, picha ziende kwenye grupu la ukoo. Halafu wote semeni kwa pamoja:

"Usilie!"

"Angalia huku!"

"Usiangalie!"

"Nyamaza, nitakuchapa!"

"Pole mwanangu, pole, jamani pole!"

Huyo wa mwisho ni mama, naye analia. Ni muhimu alie, tena usoni mwa mtoto. Mtoto hajui sindano ni kitu gani, lakini uso wa mama yake anaujua toka siku ya kwanza, na akiona umevurugika anaelewa kwamba hali ni mbaya kuliko alivyoambiwa.

Kama ni wa kiume, baba aongeze: "Wewe ni mwanaume, mwanaume halii." Mtoto wa miaka mitatu atakuwa sasa na kazi mbili, kuumwa na kuona aibu.

Spiriti ikishapakwa, mhimize mtaalamu achome hapo hapo. Ikiachwa nusu dakika ikakauka haiwashi, ila ikiwa mbichi inaingia na sindano na kuwasha vizuri sana. Au mpulizie kwa mdomo ikauke upesi. Utakuwa umewarudisha wadudu wote waliokuwa wamefutwa.

Mkao wa kuuogopa ni ule wa kupakata. Mtoto anakaa mapajani kwa mama kifua kwa kifua, miguu imening'inia huku na huku kiunoni, na mkono mmoja umepitishwa chini ya kwapa la mama ukatokea upande wa pili, ambako mtaalamu amekaa akiusubiri. Mama anamkumbatia, na kule kukumbatia ndiko kunakomshika asifurukute. Trei haioni. Sindano haioni. Anachokiona ni bega la mama na ukuta wa nyuma. Mkao huu haumhitaji shangazi mlangoni, haumhitaji mtu wa miguu, na baba anabaki hana kazi. Ndiyo maana familia nyingi haziutaki.

Utamsikia mtu akisema mtaalamu hatakubali. Wengi hukubali, tatizo ni kwamba hawaombwi. Sentensi yenyewe ni fupi: "Naomba dakika moja nimpakate." Mtoto aliyetulia anachomwa mara moja, na mara moja huchukua muda mfupi kuliko mara tatu; hesabu hiyo mtu mwenye foleni ndefu mlangoni anaielewa haraka kuliko wewe.

Mambo ya kuogopa

Hatari kubwa ya kilio ni mtoto kupata jambo jingine la kufanya. Hilo nitalieleza kwa kirefu, ili ulikwepe.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall waliandika kwamba habari ya maumivu haikimbii moja kwa moja toka kwenye ngozi hadi kwenye ubongo. Njiani, kwenye uti wa mgongo, kuna mlango, na mlango huo unaweza kubanwa: na mguso mwingine wa ngozi ile ile, au na amri inayoshuka toka kwenye ubongo wenyewe. Mengi ya nadharia yao yamerekebishwa tangu hapo, ila wazo la mlango limebaki. Bibi zetu walikuwa wakiufunga mlango huo bila kuandika popote. Mtoto akijigonga kwenye kizingiti, wanapasugua huku wakikichapa kizingiti kwa kumkosea mjukuu wao, na mtoto anaacha kulia ili ashuhudie kesi.

Watafiti wamelifuatilia jambo hili kwa upande wa sindano. Mwaka 2018 jopo la Cochrane lilikusanya majaribio 59 ya njia za kisaikolojia kwa watoto wanaochomwa, na kumshughulisha mtoto na kitu kingine kukaonekana kupunguza maumivu, ingawa wenyewe walikiri kwamba ushahidi mwingi bado si wa kiwango cha juu. Linalotuhusu zaidi sisi ni jaribio la madaktari wa Siena, Italia, lililochapishwa mwaka 2006. Walichukua watoto 69 wa miaka 7 hadi 12. Wengine walitolewa damu hivi hivi, wengine mama zao wakiwashughulisha, wengine wakitazama katuni kwenye televisheni. Walioumia kidogo kuliko wote, kwa maelezo yao wenyewe, walikuwa wa katuni. Mama, na mapenzi yake yote, alishindwa na televisheni. Sisemi kitu.

Kwa hiyo hakikisha simu yako haina chaji. Na ole wako uwe umepakua mapema kipindi kama Akili and Me, cha shirika la Ubongo la hapa hapa Dar es Salaam, chenye yule binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Kina wanyama, kina nyimbo, na kinaongea Kiswahili. Mtoto akiwashiwa tangu benchini, akaingia nacho chumbani, anaweza kutolewa damu akakasirikia tu kwamba mkono wa mtaalamu umeziba kioo. Kosa wanalolifanya wengi, na wewe uling'ang'anie, ni kumwashia simu baada ya kuchomwa. Wakati huo hata simba acheze ngoma haisaidii.

Wasio na bando nao wana mbinu zao, na hizi ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi kwa sababu ni za bure. Kila chumba cha hospitali kina bango: la kunawa mikono, la kunyonyesha, la chandarua. Mzazi mjanja anamwuliza mtoto, "Kuna watu wangapi pale? Nani hajavaa viatu? Kuku yuko wapi?" Kuku hayupo. Mtoto anatafuta nyuma ya ndoo, anatafuta chini ya chandarua, na wakati anabisha kwamba hakuna kuku kichupa kimeshafungwa. Baada ya yote niliyosema kuhusu uongo, huu ndio pekee ambao hata wale wa Shirika la Afya Duniani kule Geneva nadhani wataufumbia macho.

Au mzazi anaimba wimbo wa chekechea na kukosea maneno makusudi. Sijui kwingineko, lakini mtoto wa Kinondoni hawezi kumvumilia mtu mzima anayekosea wimbo. Atakurekebisha. Utakosea tena. Atakurekebisha kwa ukali zaidi, huku sindano inatoka.

Kuna na kupuliza. Ile chupa ya mapovu inayouzwa ufukweni Coco inatosha, na asiye nayo anasimamisha vidole vitano, anasema hii ni mishumaa ya besidei, zima mmoja mmoja, taratibu. Pumzi ndefu inayotoka polepole inalegeza mwili, na mkono uliolegea hauumi kama uliokakamaa. Hila hii inafaa kuanzia miaka mitatu hivi. Chini ya hapo, njuga, funguo za nyumba, chochote kinacholia na kung'aa.

Kwa mchanga anayenyonya, nakusihi umnyime ziwa. Akiwekwa kabla ya sindano na kuachwa aendelee mpaka baada yake, maumivu yanapungua, na hilo ni kati ya mambo yaliyothibitishwa vizuri kuliko mengine yote humu. Waraka ule wa 2015 unalipendekeza kwa chanjo. Hakuna cha kununua wala cha kuchaji, mama kaja nacho.

Na wakubwa, wa miaka saba kwenda juu, usiwaulize lolote. Ukimwuliza mtoto atoe mkono gani, wa kulia au wa kushoto, umempa mamlaka. Ukimwuliza kama anataka kuangalia au kugeuka, umempa zaidi. Wapo wanaopenda kuitazama damu inavyopanda kwenye kichupa na kuuliza mbona nyeusi. Hao ukiwalazimisha wageuke ndipo wanapoanza kulia, kwa hiyo walazimishe.

Kundi moja mwongozo huu hauliwezi, niseme wazi. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu; makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kama 11,000 kwa mwaka, na Muhimbili ina mpango maalumu wa ugonjwa huo tangu 2004. Mtoto wa kliniki hiyo hutolewa damu mara kwa mara, miaka yote. Anawajua wataalamu kwa sauti. Anaingia amekunja mkono wa shati, ananyoosha ule wenye mshipa mzuri na kuelekeza: hapa, siyo pale, pale walikosa. Huyo ukimwambia haiumi atakutazama tu. Kwake sindano moja iliyokwenda vibaya haiishi siku ile. Anaibeba mpaka kwenye inayofuata, na ile nyingine, na usiku wa kuamkia kliniki halali. Wazazi wao ndio wanaotembea na mapovu kwenye mkoba. Usiwaige, wana sababu.

Malipo

Akishatolewa, mbane na pamba kwa sekunde mbili tu halafu muachie, ili pavimbe na awe na cha kuonyesha nyumbani. Usimwambie amefanya vizuri. Msimulie kila mtu benchini jinsi alivyolia, yeye akisikia, na mwigize. Zile chipsi mayai zisahau. Mwambie mwenye chipsi amefunga leo, mkiwa mnapita mbele ya kibanda chake na moshi unaonekana.

Kuna swali moja ambalo wasomaji huenda wakauliza: je, na baba akiandikiwa kipimo? Hilo nimeliacha nje kwa makusudi, kwa sababu watu wazima wanaozimia kwenye kiti cha maabara wapo, na miraba minne haijawahi kumzuia mtu kudondoka. Kwake taratibu ni nyingine. Alazwe kitandani kabla ya kuchomwa, asiambiwe kwamba haiumi, na asiinuke mpaka zipite dakika kumi. Mtoto akae upande wa kichwani amshikie simu, katuni ikiwa imeshawashwa.